Ritifaa ya Ng'ombe: Historia ya Mfuatano wa Herufi

Somo la kwanza la kuandika programu za kompyuta huanza na salamu. Mwanafunzi huambiwa aandike print, afungue mabano, aweke alama za mtajo, na ndani yake maneno mawili: "Habari, dunia". Akibonyeza kitufe, kompyuta humrudishia maneno yale yale. Desturi hii ina mwanzo unaojulikana. Brian Kernighan wa Bell Labs, Marekani, aliiweka salamu ya aina hiyo katika mwongozo wa lugha ya B mwaka 1972, na kitabu cha lugha ya C alichokiandika pamoja na Dennis Ritchie, kilichotoka 1978, kikaieneza duniani. Maneno yaliyomo ndani ya alama za mtajo huitwa stringi, au mfuatano wa herufi. Ukitaka mfano, fikiria shanga zilizotungwa kwenye uzi: kila shanga ni herufi moja, ina nafasi yake, unaweza kuihesabu, kuichomoa au kuongeza nyingine mwishoni. Maelezo hayo yanaridhisha mpaka pale mwanafunzi anayeandika Kiswahili atakapotaka neno ng'ombe kwa alama moja moja za mtajo, 'ng'ombe', kama alivyoona kwenye mifano ya kitabu. Kompyuta inagoma. Inadai kuna mfuatano uliofunguliwa na haukufungwa. Imesoma ng, ikakuta ritifaa, ikaona hapo ndipo maneno yalipoishia. Ombe ikaichukua kuwa jina la kitu fulani. Na ile alama ya mwisho ikaihesabu kuwa mwanzo wa mfuatano mpya ambao mwisho wake hauonekani.

Mwalimu ana dawa ya haraka: tumia alama mbili mbili za mtajo, au tanguliza mkwaju wa nyuma kabla ya ritifaa. Dawa inaponya, ila swali linabaki pale pale. Kwa nini alama moja ipewe kazi mbili zinazogombana? Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba mfuatano wa herufi ni mapatano ya kihistoria. Mara kadhaa, kati ya miaka ya 1870 na ya 1990, mafundi walilazimika kuamua ni kiasi gani cha maandishi ya binadamu kingeweza kuingia katika mashine kwa gharama waliyoimudu, na kila uamuzi ukaacha kovu kwenye somo la leo. Makosa mengi ya anayeanza hutokea pale mkono wake unapogusa mojawapo ya makovu hayo. Anayeyaita uzembe wa mwanafunzi anamwonea, na anajinyima pia njia nzuri kabisa ya kulifundisha somo lenyewe.

Mashine zilijifunza herufi kabla kompyuta hazijakuwapo. Mwaka 1874 Émile Baudot, fundi wa telegrafu wa Ufaransa, alipata hataza ya mtambo uliowakilisha kila herufi kwa alama tano za ndiyo au hapana. Alama tano za namna hiyo hutoa michanganyiko 32, basi. Herufi 26 za Kilatini zikishaingia, tarakimu na vituo havina pa kukaa, na herufi ndogo ndiyo kabisa. Suluhisho lilikuwa kuufanya mchanganyiko mmoja ubebe maana mbili: ishara maalumu ilisema kuanzia hapa soma herufi, na nyingine ikasema kuanzia hapa soma tarakimu. Ishara moja ikipotea njiani, sentensi nzima iligeuka tarakimu na vituo visivyosomeka. Katika mtambo huu wa karne ya 19 mambo mawili makubwa ya stringi yameshatimia. La kwanza, herufi imekuwa namba. La pili, orodha ya herufi zinazoruhusiwa imepangwa na bei ya waya, si na mahitaji ya lugha fulani.

Kompyuta za kwanza nazo zilizaliwa kupiga hesabu, na maandishi yaliingia kwa mlango wa nyuma. IBM ilipotoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957 kwa ajili ya mashine yake ya 704, kazi iliyoongozwa na John Backus, kusudi lilikuwa kutafsiri fomula. Maneno yalihitajika kwa vichwa vya majedwali tu. Sehemu moja ya kumbukumbu ya 704 ilikuwa na biti 36, yaani alama 36 za ndiyo au hapana, na herufi moja ilichukua biti sita, kwa hiyo herufi sita zilijaa sehemu moja barabara. Aliyetaka kuchapa HABARI aliandika 6HHABARI. Ile sita ni idadi ya herufi, na H inayoifuata ni ya Herman Hollerith, ambaye mashine zake za kadi zilizotobolewa matundu zilitumika katika sensa ya Marekani ya 1890. Mwandishi wa programu alihesabu herufi mwenyewe, nafasi tupu zikiwemo. Akikosea akaandika tano, mashine ilichukua HABAR na kuiacha I ikining'inia nyuma yake kama amri isiyoeleweka.

Utaratibu huo unaonekana wa kuchosha, na ulichosha kweli. Hata hivyo ulikuwa na fadhila moja ambayo msomaji wa Kiswahili hana budi kuitambua: mwisho wa maneno ulijulikana kwa hesabu, hivyo hakuna alama yoyote ndani ya maneno ambayo ingeweza kuyafunga kabla ya wakati. FORTRAN 77 ilipoleta aina rasmi ya data ya maandishi, ilimwondolea mwandishi mzigo wa kuhesabu, ikaifanya ritifaa kuwa alama ya kufungulia na kufungia, na ikaweka sharti kwamba ritifaa ikihitajika ndani iandikwe mara mbili. Sharti hilo liko hai mpaka leo katika SQL, lugha ya hifadhidata, ambako ng'ombe huandikwa 'ng''ombe'. Kuhesabu kulihamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine, na ritifaa ndiyo iliyotolewa kulipia uhamisho huo. Programu iliyounganisha maneno ya mtumiaji na amri ya SQL bila kulikumbuka sharti hili hukwama mtu anayeitwa Ng'ang'a anapojaza fomu, au anayeishi Murang'a anapoandika anwani. Mtu hana kosa lolote katika jina lake. Amekutana na uamuzi uliofanywa bila jina kama hilo kuwazwa.

Waliokuwa na maandishi mikononi waliuona upungufu huu mapema. Victor Yngve wa chuo cha MIT, aliyekuwa akitafiti tafsiri kwa mashine, alianzisha lugha ya COMIT mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu lugha za fomula hazikumfaa. Mwaka 1962 David Farber, Ralph Griswold na Ivan Polonsky wa Bell Labs walianza SNOBOL, lugha ambayo kutafuta ruwaza ndani ya maandishi na kuibadilisha ndiyo kazi yake kuu. Lakini wanaoanza walielekezwa kwingine. Tarehe 1 Mei 1964 chuo cha Dartmouth kiliendesha kwa mara ya kwanza lugha ya BASIC, iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz mahsusi ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. BASIC hiyo ya kwanza iliweza kuchapa maneno yaliyo ndani ya alama za mtajo, haikuweza kuyahifadhi. Jina kama A au B lilikuwa mahali pa kuweka namba tu. Maneno yalipopewa makao baadaye, yalipewa kwa alama ya dola: A ni namba, A$ ni maneno. Naona ile dola ni ushahidi mzito kuliko mwingine wowote katika historia hii. Lugha iliyotungwa kwa ajili ya mwanafunzi wa fasihi na historia ilianza bila mahali pa kuweka jina la mtu, na ilipompatia mahali, ikamtia alama ili asichanganyike na wenyeji, ambao ni namba.

Mgawanyiko huo ndio unaomsumbua anayeanza mpaka leo, hata pale ambapo dola imeshaondoka. Anaiomba programu yake ipokee bei mbili kutoka kwenye kibodi, saba na tano, azijumlishe, naye anapata 75. Kibodi haikutuma saba. Ilituma alama ya tarakimu saba, ambayo katika ASCII, orodha inayoipa kila alama namba yake, ni namba 55, na alama ya tarakimu tano, ambayo ni namba 53, na kompyuta ikazitunga shanga mbili kwenye uzi mmoja. Ndiyo maana pia akipanga "100", "20" na "3" kama maneno, mia itatangulia: alama ya 1 iko kabla ya alama ya 2, na mashine haina haja ya kuangalia zaidi.

ASCII yenyewe inastahili kukaziwa macho, maana ndipo mapatano yote yalipokutana mezani. Toleo lake la kwanza lilitoka Marekani mwaka 1963, na mwaka 1967 herufi ndogo zikawa zimeshapata nafasi rasmi. Biti saba hutoa nafasi 128. Nafasi 33 kati ya hizo hazichapiki; ni amri kwa mashine ya kuchapa kwa mbali, ile teletaipu. Namba 7 hupiga kengele. Namba 13 hurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, na namba 10 husogeza karatasi mstari mmoja chini. Kazi hizo zilikuwa mbili tofauti kwa sababu kichwa kilihitaji muda kusafiri, na ndiyo sababu mafaili ya Windows humaliza mstari kwa alama mbili ilhali ya Unix na Linux humaliza kwa moja. Namba 127 ni kufuta: biti zote saba zimewashwa, kwa kuwa aliyekosea kwenye utepe wa karatasi alisahihisha kwa kutoboa matundu yote. Mwanafunzi anayeandika mkwaju wa nyuma na n ili kuruka mstari anausogeza mtambo wa karatasi ambao huenda hatauona maishani mwake.

Nafasi zilizobaki 95 zilipaswa kutosha kila kitu kinachoandikika, nafasi tupu ikiwa mojawapo. Herufi kubwa A ikapewa 65 na ndogo a ikapewa 97, tofauti ya 32 kamili, ili kubadilisha ukubwa wa herufi kuwe ni kugeuza biti moja tu. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na una gharama yake: Z ni 90, iko kabla ya a, kwa hiyo ukiiachia mashine ipange majina kwa mpangilio wake wa asili, Zuhura aliyeandikwa kwa herufi kubwa atatangulia amina aliyeandikwa kwa ndogo. Alama za mtajo nazo zilibanwa. Wapiga chapa wa vitabu walikuwa na vipande tofauti vya risasi: alama ya kufungua, na alama ya kufunga iliyotumika pia kama ritifaa. Taipureta ilikuwa na funguo chache, ikaziunganisha kuwa kijiti kimoja kilichosimama wima, na ASCII ikakirithi kijiti hicho kama namba 39. Kijiti kimoja kikawa ritifaa, kikawa alama ya kufunga mtajo, na mara nyingine kikafanya kazi ya mkazo juu ya herufi. Ugomvi wa ng'ombe na kompyuta unaanzia kwenye ule ufunguo wa taipureta, miongo mingi kabla ya lugha yoyote ya programu.

Tukio la pili lililoumba stringi ya leo linahusu urefu. Ukiwa na maneno kwenye kumbukumbu ya kompyuta, unajuaje yanaishia wapi? Lugha ya BCPL, aliyoibuni Martin Richards wa Cambridge katika miaka ya 1960, iliweka idadi ya herufi mbele ya herufi zenyewe. Ken Thompson alipoichukua na kuifupisha kuwa B, aliiondoa idadi akaweka alama maalumu ya kumalizia, na Ritchie akaufuata mtindo huo katika C kwa kutumia baiti (kifungu cha biti) yenye sifuri. Ritchie alieleza baadaye kwamba walitaka kuepuka ukomo unaoletwa na kuiweka idadi katika nafasi ya biti nane au tisa, na pia kwamba kwa uzoefu wao kuitunza idadi kulikuwa na usumbufu zaidi kuliko kuweka alama ya mwisho. Niklaus Wirth katika Pascal, mwaka 1970, alikwenda njia nyingine akaufanya urefu kuwa sehemu ya aina yenyewe ya data, mpaka Kernighan akalalamika kwa maandishi mwaka 1981 kwamba haiwezekani kuandika kazi (function) moja inayopokea maneno ya urefu wowote. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Kila mmoja alichagua kitu cha kupoteza.

Kilichopotezwa na C kilionekana usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, pale programu ya Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Marekani, ilipoenea yenyewe katika kompyuta za intaneti ya wakati huo. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kazi ya C iitwayo gets, ambayo hupokea mstari wa maneno bila kuuliza chombo kinachoupokea kina ukubwa gani. Chombo kilikuwa na nafasi ya baiti 512. Programu ikatuma zaidi, na ziada ikamwagika juu ya kumbukumbu ya jirani. Kiwango rasmi cha C hakikuifuta gets hadi 2011. Mwanafunzi wa Python wa leo haoni sifuri ya mwisho wala hahesabu chombo, kwa kuwa lugha yake imeurudia mtindo wa kutunza idadi. Anaandika len, kazi ya kupima urefu, anapewa jibu. Utulivu huo umenunuliwa kwa mashine zenye kumbukumbu nyingi, jambo ambalo Ritchie na Thompson hawakuwa nalo.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza. Atasema Kiswahili hakina shida hizi kwa kiasi kikubwa: kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, hakina mikazo juu ya herufi kama Kifaransa, wala nukta chini ya herufi kama Kiyoruba, na ukitoa q na x karibu alfabeti yote ya ASCII ni yetu. Ni kweli, na ni bahati kubwa, lakini bahati hiyo nayo ni ya kihistoria. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi ikibadili umbo kufuata nafasi yake katika neno. Mswada wa Utendi wa Tambuka unaotajwa kuwa wa 1728 uliandikwa hivyo. Kama ASCII ingekikuta Kiswahili katika hati hiyo, hakuna hata herufi moja ambayo ingepata nafasi. Waliokihamishia kwenye Kilatini ni wamisionari, wakiwemo Johann Ludwig Krapf na Edward Steere, ambao maandishi yao yalipaswa kupigwa chapa. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, kamati ya kiserikali ya lugha iliyoanzishwa 1930 ikasimamia tahajia moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Wakati ule ule kulikuwa na pendekezo jingine mezani. Alfabeti ya Afrika, iliyotolewa 1928 na taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika yenye makao London, ilitaka sauti ya mwanzo wa neno ng'ombe iandikwe kwa herufi yake peke yake, ŋ. Luganda inayo. Kiswahili sanifu kikabaki na herufi mbili na ritifaa, ambazo zilipigika kwenye taipureta yoyote iliyotoka Uingereza bila kubadilisha kitu. Naona ulikuwa uamuzi wenye busara kwa wakati wake. Uliwawezesha makarani, walimu na wahariri wa magazeti kuandika lugha yao kwa mashine zilizokuwapo. Ila tuutazame kwa jina lake: Kiswahili kililingana na ASCII kwa sababu kilikuwa kimeshakubali masharti ya taipureta miaka 33 kabla. Sauti moja ikawa shanga tatu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Yote hayo, mtu atasema, ni mambo ya kale; Unicode, mradi wa kuzipa hati zote za dunia namba katika orodha moja, imeyamaliza. Mradi huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, toleo la kwanza likatoka 1991, na mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, namna ya kuandika alama zote za Unicode huku zile 128 za ASCII zikibaki kama zilivyokuwa. Tangu Python 3 itoke mwishoni mwa 2008, stringi zake ni za Unicode. ŋ ipo, hati ya Kiarabu ipo, kila mtu ana nafasi. Ninaikubali kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini tazama ilivyoigusa ritifaa yetu. Unicode ilizitenganisha tena alama ambazo taipureta ilikuwa imeziunganisha, kwa hiyo sasa kuna kijiti cha wima, namba 39, na kuna ritifaa iliyopinda, ’, namba 8217, na programu nyingi za kuandikia hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili zenyewe. Kwa jicho, ng'ombe na ng’ombe ni neno moja. Kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti. Anayetafuta la kwanza katika faili lenye la pili ataambiwa halimo.

Gharama ya tofauti hiyo inapimika hata kwenye ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja wa simu hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Alfabeti ya kawaida ya simu hutumia biti saba kwa herufi, ndiyo maana tunapewa herufi 160. Kijiti cha wima kimo katika alfabeti hiyo. Ritifaa iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, na mtandao usiibadilishe, ujumbe mzima huhamia kwenye biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Mfugaji anayetangaza bei ya ng'ombe wake kwa herufi mia moja anaweza kujikuta ametuma ujumbe mmoja au jumbe mbili kutegemea umbo la kijiti ambacho hata hakukichagua. Unicode ilifungua mlango uliokuwa umefungwa, na mlango huo una vizingiti vyake. Anayeanza anapaswa kuvijua.

Kuna mahali pengine ambapo dhana yenyewe ya stringi haikutoka kwetu, na hapo Unicode haina la kusaidia. Vitabu vya wanaoanza hupenda zoezi la wingi: chukua neno, ongeza herufi mwishoni. Kiingereza kinaruhusu. Kiswahili hubadilika mbele. Mwanafunzi anaondoa shanga ya kwanza ya mtoto, anatanguliza wa, anapata watoto. Neno mkulima linampa wakulima. Lakini neno mwalimu linampa wawalimu, na mwizi linampa wawizi. Hapo analazimika kuuliza kilicho ndani ya neno, kwamba mw ya mwalimu ni m iliyokutana na irabu. Kazi ya Python iitwayo title, ambayo hukuza herufi ya kwanza ya kila neno, huhesabu kwamba chochote kisicho herufi ni mpaka wa neno, kwa hiyo lang'ata huwa Lang'Ata na ng'ombe huwa Ng'Ombe. Vivyo hivyo kwa jumbe za programu zilizotungwa kwa kuunganisha vipande: Kiingereza mara nyingi hubadilisha nomino na kukiacha kitenzi, ilhali sisi tunasema faili moja limefutwa na mafaili matatu yamefutwa, badiliko likiwa katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, zote mbele ya neno.

Wapo watakaosema kumpa anayeanza historia yote hii ni kumtwisha mzigo kabla hajajua kutembea. Ajifunze kwanza, sababu zitakuja. Pingamizi hili naliheshimu, kwa kuwa mtu hujifunza kuandika programu kwa kuandika programu. Lakini kanuni isiyo na sababu ni nzito kuliko kanuni yenye sababu. Mkwaju wa nyuma, tofauti ya herufi kubwa na ndogo, mpangilio wa Zuhura na amina, 75 inayotoka kwa saba na tano: zikifundishwa kama amri, ni amri nne za kukariri. Zikifundishwa kama maamuzi ya watu waliokuwa na biti chache na taipureta zenye funguo chache, zinakuwa hadithi moja, na mwanafunzi akikutana na jambo la tano ambalo mwalimu hakulitaja, anajua pa kuanzia kutafuta. Zaidi ya hapo, anajua kwamba mipaka iliwekwa na watu, kwa hiyo anaweza kuandika kazi yake mwenyewe inayofuata mpaka mwingine.

Zoezi la kugeuza neno linafaa kwa hilo. Karibu kila kitabu cha wanaoanza kina zoezi la kuandika neno kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kwa mashine ng'ombe hugeuka ebmo'gn, kitu kisichotamkika. Pwani kulikuwa na kugeuza kwa namna nyingine. Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili uliotoka 1870, aliweka nyongeza yenye mifano ya kinyume, usemi wa kuficha maana ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa mbele ya neno. Waliouzungumza waliyakata maneno pale yanapokatika mdomoni. Programu ya kufanya hivyo ni fupi: itafute irabu ya pili kutoka mwisho, ikate baada yake, ikitangulize kipande cha nyuma. Kitabu inakuwa bukita. Ng'ombe inakuwa mbeng'o, na inatoka sawasawa iwe ritifaa ni ya wima au imepinda, kwa sababu programu inaangalia a, e, i, o na u tu; kilichomo katikati inakibeba kama kilivyo. Kwenye mtu inakuta irabu moja na haijui pa kukata, maana m ile ni silabi isiyo na irabu, na mwanafunzi atarudi kwenye msimbo wake kuongeza mstari mmoja.